Hofu, kichefuchefu na presha: kipi humsukuma mwenzake mgonjwa anapopasuliwa

Mgonjwa akitapika baada ya kupasuliwa, jamaa zake huwa na jibu tayari: aliogopa mno. Presha yake ikipanda asubuhi ya upasuaji, jibu ni hilo hilo. Ikishuka akiwa mezani, woga tena. Mwishowe mgonjwa mwenyewe huamini kwamba laiti angejikaza kidogo mambo yangekwenda sawa, na wengi hutoka wodini wamebeba aibu ya bure.

Uhusiano kati ya mambo haya matatu upo, tena wa karibu. Tatizo ni kwamba watu huuona ukienda upande mmoja tu. Hofu hupandisha presha kwa walio wengi, lakini wapo ambao hofu huwashusha presha mpaka wakazimia. Presha ikiporomoka ghafla huleta kichefuchefu hata kwa mtu aliyetulia kabisa. Kutapika nako hutikisa presha. Na yapo mahangaiko ambayo chanzo chake ni upungufu wa damu au wa oksijeni mwilini, yakaonekana kwa nje kama woga wa kawaida. Kila njia kati ya hizi ina tiba yake, na kuzichanganya humgharimu mgonjwa. Anayebembelezwa atulie wakati presha yake imeshuka anacheleweshewa dawa. Anayepewa dawa ya kushusha presha wakati kilichoipandisha ni kibofu kilichojaa anatibiwa namba, yeye mwenyewe hajatibiwa.

Hofu ndani ya mishipa

Ubongo ukishahisi hatari, hauulizi kama ni mnyama mkali au ni kitanda cha magurudumu kinachoelekea chumba cha upasuaji. Amri hushuka kupitia neva za simpathetiki, zile zinazoendesha mwili bila hiari yetu, na tezi zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huanza kupiga haraka na kwa nguvu. Mishipa midogo ya ngozini na tumboni hubana. Presha inategemea vitu viwili: kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kila dakika, na ubishi wa mishipa inayoipokea. Hofu huongeza vyote viwili kwa mpigo, kwa hiyo si ajabu mtu ambaye kliniki huwa 128/80 akasoma 165/95 akiwa ameshavaa gauni la upasuaji. Huo ugumu wa tumbo, mdomo kukauka na viganja kuwa baridi vinatoka kwenye amri hiyo hiyo: damu imeondolewa kwenye kazi ya kusaga chakula ikapelekwa kwenye misuli.

Je, presha ya namna hiyo inatosha kuahirisha upasuaji? Hapa watu wengi hupata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha wataalamu wa usingizi cha Uingereza na Ireland kwa kushirikiana na chama cha presha cha Uingereza ulisema jambo la busara sana: kipimo cha kuaminika ni kile kilichochukuliwa kliniki ya kawaida ndani ya miezi 12 iliyopita, na kikiwa chini ya 160/100 mgonjwa aendelee na upasuaji wake. Asiye na rekodi hizo, akapimwa kwenye maandalizi ya upasuaji, anaweza kuendelea ilimradi yuko chini ya 180/110. Maana yake ni kwamba daftari la kliniki lina uzito kuliko namba ya asubuhi ile ya mahangaiko. Mgonjwa anayekwenda na vipimo vyake vya miezi iliyopita anampa mtaalamu wa usingizi kitu ambacho mashine ya hospitali haiwezi kumpa siku hiyo.

Namba yenyewe nayo huharibika kirahisi. Mkanda wa presha ulio mdogo kwa mkono mnene husoma juu. Kuongea wakati wa kupimwa husoma juu. Kibofu kilichojaa, mkono unaoning'inia, miguu iliyokunjwa nne, vyote husoma juu. Kabla mtu hajaambiwa presha yake imekataa, ni haki yake aketi dakika 5 kimya, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, halafu apimwe upya.

Halafu kuna wale wa upande wa pili. Kwao hofu huanza kama kwa watu wengine, moyo ukienda mbio, kisha ghafla breki zinashikwa. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo kuelekea moyoni na tumboni, hupunguza mapigo, mishipa hulegea, presha huporomoka. Mtu hupauka, jasho baridi likamtoka kwenye paji la uso, akasema anasikia kichefuchefu na masikio yanavuma, na asipolazwa haraka huanguka. Mara nyingi hutokea wakati wa kuchomwa sindano ya dripu, naye akiwa ameketi. Mtu wa namna hii, mara nyingi kijana mwenye afya njema, asichekwe. Aseme mapema, "Mimi huzimia nikiona sindano," na atachomwa akiwa amelala, miguu imeinuliwa. Hiyo tu kwa kawaida inatosha.

Kinachoituliza

Wagonjwa huogopa vitu tofauti. Wapo wanaoogopa kisu, wapo wanaoogopa usingizi wenyewe: kwamba hawataamka, au wataamka katikati. Mwaka 1996 watafiti wa Amsterdam walitoa dodoso fupi la maswali 6 tu linalopima hofu ya usingizi, hofu ya upasuaji, na jambo la tatu ambalo husahaulika: kiu ya mgonjwa ya kutaka kujua. Hilo la tatu lina maana kubwa. Yuko mgonjwa anayetulia akielezwa kila hatua, na yuko ambaye kila maelezo yanamwongezea mashaka. Kumwaga maelezo yote kwa watu wote ni kosa, na kunyamaza kwa wote ni kosa vilevile. Ni afadhali kuuliza kwanza, "Ungependa nikueleze kiasi gani?"

Kuhusu kuamka katikati ya upasuaji, uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland na kutolewa mwaka 2014 ulikuta wagonjwa wanaoripoti hali hiyo ni takriban mmoja kati ya 19,000 waliolazwa usingizi kamili. Hatari ipo, na kwa upasuaji wa dharura kama wa uzazi ni kubwa zaidi, lakini namba hiyo iko mbali sana na ile ambayo hofu ya usiku wa manane humwambia mgonjwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika eneo hili ni wa zamani. Mwaka 1964 Lawrence Egbert na wenzake wa Boston walichapisha jaribio la wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilitembelewa na mtaalamu wa usingizi, akawaeleza waziwazi kwamba watasikia maumivu, watayasikia wapi, yatadumu kwa muda gani, kwamba sehemu kubwa hutokana na misuli ya tumbo kukaza karibu na kidonda, na jinsi ya kuilegeza na kujigeuza kitandani. Madaktari wa upasuaji hawakujua nani yuko kundi lipi. Waliozungumzwa nao walitumia takriban nusu ya dawa za maumivu za jamii ya morfini, na waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Hakuna kidonge hapo. Ni mtu aliyeketi kando ya kitanda akasema ukweli.

Kidonge, kwa upande wake, hakijafanya vizuri kama ilivyodhaniwa. Kwa miaka mingi wagonjwa walipewa dawa ya kutuliza kabla ya kuingia thieta kama utaratibu wa kila mtu. Mwaka 2015 jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 1,062 lililinganisha waliopewa lorazepamu, waliopewa kidonge kisicho na dawa, na wasiopewa chochote. Waliomeza lorazepamu hawakuwa na kuridhika zaidi na huduma kuliko wengine. Walichukua muda mrefu zaidi kutolewa mpira wa kupumulia, na akili ilichelewa kukaa sawa. Wenye hofu kali bado wanaweza kuhitaji dawa hizo, na mtaalamu atawapa. Kumpa kila anayepita mlangoni ni suala jingine. Muziki anaouchagua mgonjwa mwenyewe umeonekana katika tafiti nyingi kupunguza wasiwasi kabla ya upasuaji, na haumcheleweshi mtu kuamka.

Sehemu ya wasiwasi wa asubuhi ni njaa na kiu. Watu huambiwa wasile wala kunywa tangu saa 6 usiku, halafu zamu yao inafika mchana. Katazo lina sababu ya kweli: mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi kina mama waliokuwa wakijifungua chini ya usingizi walivyovuta matapishi yenye asidi hadi mapafuni. Ila sheria za sasa hazidai ukame wa usiku kucha. Kwa mtu asiye na tatizo la tumbo, maji na vinywaji vyepesi unavyoweza kuona upande wa pili vinaruhusiwa hadi saa 2 kabla ya kulazwa usingizi, chakula chepesi hadi saa 6 kabla yake, na chakula cha mafuta au nyama huhitaji kipindi cha saa 8 au zaidi. Mgonjwa aliyekauka huingia thieta na kiu, kichwa kinamuuma, tumbo linamchafuka, na mishipa yake haina akiba. Dawa ya usingizi ikiingia, presha yake hushuka zaidi. Kwa hiyo swali "Mwisho wa kunywa maji ni saa ngapi hasa?" linafaa kuulizwa, na jibu lifuatwe kama lilivyo.

Mezani

Kabla ya mwaka 1901, presha ya mgonjwa mezani haikuwa inapimwa kama kawaida ya kazi. Mwenye kulaza usingizi alitegemea kidole kwenye mshipa, rangi ya ngozi na pumzi. Mwaka huo Harvey Cushing, daktari wa upasuaji kutoka Marekani, alipita Pavia, Italia, akakuta wanatumia mkanda wa kupima presha uliobuniwa na Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Akarudi nao Baltimore na kuusukuma uingie thieta. Leo mkanda hujaa na kulegea wenyewe angalau kila baada ya dakika 5, na namba inayotazamwa zaidi ni presha ya wastani.

Hesabu yake ni rahisi: chukua namba ya chini, ongeza theluthi ya tofauti kati ya ya juu na ya chini. Mwenye 120/75 ana wastani wa 90. Wastani ukishuka chini ya 60 hadi 65 na kukaa huko, tafiti nyingi zimeuhusisha na madhara kwenye figo na misuli ya moyo, na kadiri muda unavyorefuka ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Mwenye presha ya muda mrefu huenda akahitaji wastani wa juu kuliko huo, kwa kuwa viungo vyake vimezoea kusukumiwa kwa nguvu. Ndiyo maana wataalamu wengi wa usingizi huogopa zaidi presha kushuka kuliko kupanda.

Na dawa za usingizi huishusha. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa inayotumika sana kuanzisha usingizi, hulegeza mishipa na kuzima kelele za simpathetiki. Mtu aliyeingia na presha iliyoinuliwa na hofu anaweza kushuka sana ndani ya dakika chache, kwa sababu kilichokuwa kikimshikilia juu kimeondoka pamoja na fahamu zake. Muda mfupi baadaye mpira wa kupumulia ukipitishwa kooni, presha huruka tena juu. Hapo hakuna hofu tena, mtu amelala. Presha inayopanda kuanzia hapo huwa inasema habari nyingine: usingizi ni mwepesi mno, maumivu hayajazibwa, hewa ya kabonidioksidi imejaa mwilini, au mgonjwa aliacha dawa zake.

Kuhusu dawa za presha, asiamue mgonjwa wala jirani yake. Zile za jamii ya beta, kama atenololi au bisoprololi, kwa kawaida huendelea hadi asubuhi ya upasuaji, maana kuzikatisha ghafla kunaweza kuupa moyo mbio za hatari. Kuanza dawa hizo siku ile ile kwa dozi kubwa nako kuna hatari yake: jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2008, lenye wagonjwa zaidi ya 8,000, lilionyesha metoprololi ikipunguza mshtuko wa moyo lakini ikiongeza kiharusi na vifo. Vidonge vya jamii ya enalaprili na losatani, wataalamu wengi husimamisha saa 24 kabla, kwa sababu wakati wa usingizi huweza kuangusha presha kwa namna ngumu kuinua. Wengine huviacha viendelee. Cha maana ni mgonjwa aulize mapema kuhusu kila kidonge kwa jina lake, na apewe jibu la kila kimoja.

Sindano ya mgongo na kile kichefuchefu cha ghafla

Mahali ambapo mambo haya matatu hukutana waziwazi zaidi ni upasuaji wa kujifungua kwa sindano ya mgongo. Mama yuko macho. Sindano imeingia, miguu imeanza kuwa mizito na ya moto. Dakika chache baadaye anapiga miayo, midomo inapauka, anasema kwa sauti ndogo, "Najisikia vibaya, nataka kutapika." Mume aliyeketi karibu na kichwa chake anamwambia usiogope.

Lakini tazama kipimo: presha imetoka 118 ikafika 84. Ganzi ya mgongo haizimi maumivu peke yake, inazima pia neva za simpathetiki zinazokaza mishipa ya nusu ya chini ya mwili. Mishipa ikalegea, damu ikatuama miguuni kama maji kwenye bonde, na ile inayorudi moyoni ikapungua. Tumbo la uzazi nalo hulalia mshipa mkubwa unaopeleka damu moyoni. Shina la ubongo, ambako kituo cha kutapika kipo, likapungukiwa damu. Utumbo ukapungukiwa damu na kumwaga serotonini, kemikali inayoamsha kutapika. Kichefuchefu hicho ni kengele ya presha, na mara nyingi hulia kabla mkanda haujamaliza kupima.

Tiba yake ni fenilefrini, dawa inayokaza mishipa, ikiingizwa kwenye mshipa, dripu, na mama kuinamishwa kidogo ubavu wa kushoto, nyuzi 15 hivi. Mapigo ya moyo yakiwa chini, efedrini hufaa. Presha ikipanda, kichefuchefu mara nyingi huisha ndani ya dakika moja au mbili, bila dawa yoyote ya kuzuia kutapika. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2018 yanashauri namba ya juu ya presha ishikiliwe walau kwenye asilimia 90 ya ile ya mwanzo, na fenilefrini ianze mapema bila kungoja ishuke. Hapo hofu inarudi kwa mlango wa nyuma: kama ile presha ya mwanzo ilipimwa mama akiwa anatetemeka, lengo lote limewekwa juu kuliko presha yake ya kweli. Vipimo vya kliniki ya wajawazito ndivyo vinavyosahihisha.

Si kila kichefuchefu cha pale mezani ni presha. Mfuko wa uzazi ukivutwa nje ili ushonwe, neva ya vagasi husisimka na mama huhisi kutapika. Oksitosini ikisukumwa haraka kwenye mshipa baada ya mtoto kutoka huangusha presha. Ergometrini, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, hutapisha na hupandisha presha kwa wakati mmoja, ndiyo maana mama mwenye presha ya mimba huepushwa nayo. Kinachotakiwa ni mama aseme mara tu anapojisikia tofauti, na anayemsikiliza atazame mashine kabla ya kumwambia atulie.

Kutapika baada ya kuamka

Hapa ndipo hofu hulaumiwa zaidi, na ndipo ina hatia ndogo zaidi. Miongozo ya kimataifa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji imeuweka wasiwasi wa mgonjwa kwenye orodha ya mambo ambayo hayana uzito wa maana. Mwaka 1999 Christian Apfel na wenzake walitoa kipimo chenye maswali manne, na hakuna hata moja linalouliza kama mgonjwa anaogopa: Je, ni mwanamke? Havuti sigara? Amewahi kutapika baada ya upasuaji, au huchafukwa na safari? Atahitaji dawa za jamii ya morfini baada ya kuamka? Asiye na hata moja ana uwezekano wa takriban asilimia 10. Moja, 20. Mawili, 40. Matatu, 60. Yote manne, karibu 80. Mama mwenye afya, asiyevuta sigara, anayetapika kwenye basi, akitolewa mfuko wa nyongo na kupewa morfini, yumo katika kundi la juu kabisa, hata awe jasiri kiasi gani. (Na kwa kuwa swali la sigara huwashangaza watu: sigara huharibu mapafu na kuchelewesha kidonda kupona, hivyo haifai kuwa kinga ya kitu chochote.)

Sababu ziko kwenye kemia. Chini kabisa ya ubongo, kwenye sakafu ya uwazi wa nne wa ubongo, ulio na maji, kuna eneo dogo lisilo na kile kizuizi kinachochuja damu kabla haijagusa ubongo. Kazi yake ni kuonja damu na kutoa amri ya kutapika ikionja sumu. Morfini ikipita, huionja. Hewa za usingizi kama sevoflureni nazo ni chanzo kikuu cha kutapika katika saa za mwanzo. Morfini hufanya zaidi: hupunguza mwendo wa utumbo, na huamsha sehemu ya sikio la ndani inayopima mwendo, ndiyo maana mgonjwa aliyelala kwa amani hutapika pale anapogeuzwa au kitanda kinaposukumwa.

Kwa kuwa njia ni nyingi, dawa moja haitoshi kwa mwenye hatari kubwa. Ondansetroni huziba serotonini. Droperidoli na metoklopramidi huziba dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Deksamethasoni hufanya kazi kwa njia yake na hutolewa mwanzoni mwa upasuaji, ikikumbukwa kwamba huweza kupandisha sukari ya mwenye kisukari. Jaribio kubwa la Apfel lililochapishwa mwaka 2004, lenye wagonjwa zaidi ya 5,000, lilikuta kila dawa kati ya ondansetroni, deksamethasoni na droperidoli hupunguza hatari kwa takriban asilimia 26, kila moja kwa kujitegemea, na kutumia propofoli badala ya hewa za usingizi hupunguza kwa asilimia 19. Jambo la kufurahisha ni kwamba dawa ya bei nafuu ilifanya kazi sawa na ya bei ghali. Mgonjwa akitapika hata baada ya kupewa kinga, ndani ya saa 6 za mwanzo kurudia dawa ile ile hakusaidii sana. Inafaa apewe ya jamii nyingine. Kubana sehemu ya ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu juu ya mkunjo wa kiganja, kumepimwa katika majaribio mengi na kunapunguza kichefuchefu.

Kutapika si usumbufu tu. Kila mkupuo hukaza kifua na tumbo, presha ikaruka juu kwa nguvu. Kwa aliyepasuliwa tezi ya shingo, mshipa uliofungwa unaweza kufunguka na damu ikakusanyika ikibana njia ya hewa. Kwa aliyepasuliwa jicho au ubongo, shinikizo hilo huweza kuharibu kazi nzima. Kwa watu hawa kinga ya kutapika ni sehemu ya upasuaji wenyewe.

Wasiwasi unaotoka mwilini

Katika chumba cha kuamkia, mgonjwa anayevuta nyaya, anayetaka kuketi, anayesema "siko sawa" bila kueleza kwa nini, huambiwa atulie. Ninaomba sana hapo pawe pa kusimama na kupima kwanza. Upungufu wa oksijeni huanza hivyo. Damu inayovuja ndani huanza hivyo: mapigo ya moyo yanapanda, ngozi inakuwa baridi, mtu anahangaika, na presha inaweza kubaki kwenye namba za kawaida kwa muda, hasa kwa kijana, kwa kuwa mishipa inakaza kufidia. Presha inaposhuka hatimaye, damu nyingi imeshapotea. Mwenye kisukari aliyefunga tangu jana huenda sukari imeshuka: jasho, kutetemeka, kichefuchefu, hofu isiyo na sababu.

Presha iliyopanda nayo ina orodha yake kabla ya kufikia woga. Maumivu. Kibofu kilichojaa, hasa baada ya sindano ya mgongo, maana ganzi humzuia mtu kujua kwamba anahitaji kukojoa. Baridi na kutetemeka. Kichefuchefu chenyewe. Dawa ya presha ambayo haikumezwa asubuhi. Mara nyingi blanketi la joto, mpira wa mkojo au dozi ya dawa ya maumivu hushusha presha bila kugusa dawa ya presha. Wauguzi wazoefu wanalijua hili vizuri, na jamaa akiona muuguzi anapapasa tumbo la chini la mgonjwa baada ya kuona presha iko juu, ajue anatafuta kibofu.

Siku hizi wengi huruhusiwa siku ile ile, na kichefuchefu huweza kuwafuata nyumbani, hata kwa waliotoka hospitali wakiwa wazima. Mwendo wa gari, dawa za maumivu zilizomezwa bila chakula na kuinuka kwa haraka ndivyo huchangia. Anayeanza kutembea aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache, asimame akiwa na mtu wa kumshika, na akisikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja alale chini papo hapo, kwani hiyo ni presha inayoshuka na itamwangusha. Maji kidogo kidogo, paracetamoli kwa ratiba aliyopewa ili morfini na ndugu zake zipungue, na dawa ya kuzuia kutapika ya kwenda nayo nyumbani kwa yule mwenye alama tatu au nne za Apfel. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni, anayetapika damu, ambaye tumbo linavimba na kuuma zaidi, ambaye mapigo yanakwenda mbio akiwa amelala, au ambaye shingo iliyopasuliwa inavimba na sauti inabadilika, arudishwe hospitali hapo hapo, hata ikiwa ni usiku, na asiambiwe kwamba ni wasiwasi kabla hajapimwa.